Misumeno Miwili Mwezi wa Ramadhani

Jumatatu, tarehe 8 Oktoba 1973. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, vumbi la barabara ya kuelekea Ruvuma limesimama hewani na halitaki kushuka. Mfungo wa kumi, au wa kumi na moja kwa wale walioanza kabla yetu.

Ndivyo nilivyoandika katika daftari langu siku ile, na chini yake nikaongeza mstari mmoja: "Imeletwa misumeno miwili, nimeambiwa nichague." Daftari ninalo hadi leo. Mchwa wamelila pembeni lakini maneno yanasomeka. Mimi ni mtu wa darasa la nne, niliyoyaandika humo ni machache, na mengi ninayoyaeleza hapa nayatoa kichwani. Kwa hiyo anayesoma ajue kwamba panaponihusu mimi mwenyewe huenda nikajipendelea bila kujua. Nimejitahidi nisifanye hivyo.

Nilikuwa mkata miti wa kiwanda kimoja cha mbao nje ya mji wa Mtwara. Kila alfajiri lori la kiwanda lilinichukua barabarani Madimba, tukashuka nalo hadi kwenye misitu ya karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini, tukakata mikongo na mivule, na kabla ya magharibi likanirudisha.

Zamani tulikata kwa msumeno wa watu wawili. Mmoja huku, mmoja huku, mti katikati. Huyu akivuta, yule anaachia. Huwezi kuvuta msumeno ule na mtu siku nzima usimjue; utajua kama amelala vizuri, utajua kama amegombana na mkewe, yote yanapita kwenye mpini. Mwenzangu alikuwa Mngoni kutoka Songea, Mkristo, mtu mrefu wa maneno mengi. Wangoni na sisi wa huku ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alinitukana nami nikamtukana, na kazi ikaenda.

Halafu mwaka wa 1968 kiwanda kikaleta msumeno wa mashine, ule wa mnyororo unaozunguka, na kazi ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa mdogo wa umbo kidogo, naweza kuchutama chini ya shina. Mwenzangu akapewa kazi ya kufyeka njia na kugongea kabari, akawa anasimama mbali. Mashine ikiwaka hakuna anayesikia neno. Tulikuwa tunaonyeshana mikono tu, kama watu wawili walio ng'ambo mbili za mto. Ikizimwa, masikio yanaendelea kuvuma mpaka jioni, na mtu akikuambia kitu unacheka tu, ukitumaini kwamba ni kitu cha kuchekesha.

Nyumbani nako palikuwa kimya. Mke wangu alifariki mwaka wa 1970, kwa uzazi, na mtoto akamfuata siku ya tatu. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa wakwe, na mimi nilikuwa nimejenga uani kwa mama yake. Baada ya arobaini nilitazamia nitaambiwa nirudi kwa ndugu zangu. Hakuna aliyeniambia. Sikuuliza. Basi nikabaki, mimi na mama mkwe, watu wawili tulioachwa na mtu mmoja. Na mkwe kwetu ni mtu wa kuheshimiwa sana; halili mbele yako, humtazami usoni, mnazungumza ukuta ukiwa katikati. Aliweka chakula changu barazani, akarudi upande wake, akagonga mlango kwa mwiko ili nijue kimefika. Nilimjua kwa nyayo zake na kikohozi chake. Kwa miaka mitatu naweza kusema sikuuona uso wake vizuri hata mara moja.

Sasa nieleze habari ya vidole, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Ilianza mwaka wa 1971, miezi ile ya baridi kidogo, asubuhi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viligeuka vyeupe kama muhogo uliomenywa, vikafa ganzi. Nilivisugua, vikarudi. Mwaka uliofuata vikawa vinne. Halafu hata kwenye joto vikawa vinapotea. Siku moja niliweka mkono kwenye bomba la moshi la mashine, nikasikia harufu ya kuungua kabla sijasikia maumivu, nikajiuliza nani anachoma nyama. Sikumwambia mtu. Vifungo vya shati vilinishinda nikaanza kuvaa fulana. Sarafu zikinidondoka dukani nilisema nimechoka. Nilijua ni mashine. Ule msumeno wa zamani ulikuwa unatetemeka mpaka meno. Mkono wa kushoto ndio unaoshika mpini wa mbele, ndio unaobeba mtikisiko wote. Mkono ukifa, kazi imekwisha. Na kazi ikiisha, sikujua ningekaa kwenye ua ule kwa jina gani. Mume wa nani? Mkwe wa nini?

Basi msumeno wa zamani ukafa wenyewe, mwezi wa tisa, pistoni ikakatika. Na Jumatatu ile meneja akaja na lori msituni, amekaa mbele na masanduku mawili magotini kama mtu aliyebeba watoto.

Meneja alikuwa mtu wa bara, mpole, anayefuta miwani yake kila anapotaka kusema jambo. Akasema, "Ndugu, wakala wa Dar es Salaam ametuachia misumeno hii miwili tuijaribu wiki moja. Kibali cha kuagiza tumepata cha mmoja tu. Wewe ndiye utakayeuendesha. Ijaribu, halafu Ijumaa niletee maandishi. Usiniletee maneno, niletee maandishi."

Wa kwanza ulikuwa mwekundu, mkubwa, una upanga, ile sahani anayozungukia mnyororo, mrefu kuliko mguu wangu. Injini yake ilikuwa na sauti nene, na ukivuta kamba ya kuwashia lazima uukanyage usikuruke. Wa pili ulikuwa wa kijivu, mwembamba kidogo, na nguvu zake kwa mujibu wa karatasi ya wakala zilikuwa karibu sawa na zile za mwekundu. Tofauti yake ilikuwa kwenye mipini. Mipini ya ule mwekundu ilikuwa imefungwa kwa skrubu kwenye injini yenyewe. Mipini ya ule wa kijivu ilikuwa imeshikwa na mipira, vipande vyeusi kama visigino vya viatu, hivi kwamba injini inatikisika peke yake na mpini unabaki umetulia, au ndivyo karatasi ilivyodai.

Nilipoiona ile mipira, sitaficha, nilitaka kuukumbatia.

Mwenzangu akaja akainama juu ya masanduku. "Mtani, huyu meneja kakosa watu? Mtu wa pwani achague mashine! Ninyi mnajua kuchagua samaki."

"Na ninyi mnajua kuchukua vya watu," nikamwambia. "Babu zako walipofika huku walikimbizwa na mbu."

"Hawakukimbizwa. Walitazama nyumba zenu, wakaona hakuna cha kuchukua."

Meneja alifuta miwani akapanda lori.

Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitaupendelea ule wa kijivu kwa ajili ya vidole vyangu na kukisingizia kiwanda mahitaji ambayo ni yangu mimi. Kwa hiyo nilitaka kupima kwa haki. Tulikuwa na gogo la mkongo lililolala tayari, nene, watu wawili hawalikumbatii. Mkongo ni mti mgumu, haudanganyi mashine. Nikaona kila msumeno upewe tangi moja la petroli iliyochanganywa na oili, sawasawa, minyororo yote miwili niinoe mwenyewe kwa tupa moja, halafu tuhesabu umekata vipande vingapi kabla tangi halijaisha. Hiyo ndiyo nguvu.

Mtikisiko je? Nguvu inahesabika, mtikisiko utauhesabu kwa nini? Hapo nilifikiri sana. Mwishowe nikatoa tasbihi mfukoni, ile fupi ya shanga thelathini na tatu. Nikasema, tangi likiisha nitakaa chini, nitafumba macho, mkono wa kulia ushike shanga kubwa ya mwisho, na mkono wa kushoto uvute shanga moja moja huku nikihesabu. Vidole vikiwa hai nitafika thelathini na tatu. Vikiwa vimekufa vitavuta mbili kwa pamoja bila kujua, na hesabu itapungua. Najua tasbihi haivutwi kwa kushoto. Nilimwomba Mungu radhi, nikasema kwamba leo hii ni mizani tu.

Nani atangulie? Nikakata vijiti viwili, kirefu cha mwekundu na kifupi cha kijivu, mwenzangu akavificha mkononi. Kikatoka kifupi, kijivu kitangulie. Nikaridhika sana na jambo hilo. Kura ikishasema, hakuna atakayenilaumu.

Jumanne asubuhi, msumeno wa kijivu: vipande sita, tasbihi thelathini na tatu kamili. Alasiri, msumeno mwekundu: vipande saba, na nilipofumba macho nikavuta shanga, niligonga mwisho nikiwa kwenye kumi na tisa. Mikono ilikuwa inacheza kama ya mzee. Jumatano tulirudia. Kura ilikuwa imesema kijivu kitangulie, na sikuona sababu ya kuipiga tena. Matokeo yakawa yale yale, ila kijivu thelathini na mbili mara hii.

Jumatano jioni, baada ya kufuturu, nikaandika maandishi ya meneja kwa kalamu ya wino. Niliandika kwamba msumeno mwekundu una nguvu kidogo zaidi, lakini mtikisiko wake ni mkubwa mno, karibu mara mbili, na mtu hawezi kuufanyia kazi siku nzima akabaki salama. Sikutaja vidole vyangu. Nikasoma mara tatu. Ilionekana ni kazi ya mtu anayejua. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu.

Alhamisi tukiwa nyuma ya lori nikamsomea mwenzangu, nikimpigia kelele juu ya mngurumo. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa anakula muhogo wa kuchoma, akiwa amegeuza mgongo. Tangu mfungo uanze alikuwa ananigeuzia mgongo akila. Hata mvua inyeshe aligeuka.

Akatafuna, akameza, akageuka.

"Mtani," akasema, "ule wa kijivu umeupima umeshiba daku. Ule mwekundu umeupima na njaa."

Nikamwambia kura ndiyo iliyoamua.

"Kura iliamua siku moja. Ya pili umeamua wewe." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na hata hiyo ya kwanza. Kwani kura inafunga? Alasiri ile ulikuwa unatetemeka kabla hujawasha. Nilikuona unashika kamba ya kuwashia mara tatu. Ningekupa kijiko ungetetemeka nacho."

Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Wakata miti wote niliowajua mimi walikuwa wanafunga, na katika Ramadhani hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona ajabu kwamba alasiri mikono inacheza. Ilikuwa ni sehemu ya mwezi, kama koo kukauka. Ndiyo maana sikuiona. Alihitajika mtu anayekula muhogo kuiona.

Basi Alhamisi ile nikageuza. Asubuhi mwekundu, alasiri kijivu. Naandika haya nikijua kwamba wakati navuta kamba ya ule mwekundu nilikuwa naomba moyoni ushindwe. Haukushindwa. Vipande saba, na tasbihi ikafika thelathini na moja. Alasiri, ule wa kijivu na mipira yake yote: vipande sita, tasbihi ishirini na sita.

Nilikaa juu ya gogo muda mrefu. Mwenzangu akakaa upande wa pili wa gogo, mgongo wake umeuelekea wangu. Mashine zote zilikuwa zimezimwa, na kwa mbali sana, ng'ambo ya mto, kwenye vita vya Msumbiji, ulikuwepo mshindo mmoja mmoja wa mizinga ya Wareno, au yalikuwa masikio yangu.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Asubuhi kwa asubuhi, kijivu kinashinda kwa shanga moja au mbili," nikasema. "Alasiri kwa alasiri, kwa shanga saba."

"Basi kinashinda."

"Kinashinda kidogo. Nami kwenye karatasi niliandika 'karibu mara mbili'. Meneja akiona kidogo atachukua mwekundu, una vipande saba."

"Atachukua mwekundu," akakubali.

"Nawe ungekuwa meneja?"

"Mimi Mngoni. Ningechukua yote miwili na lori."

Sikucheka. Baadaye nilijuta kutocheka, maana alijitahidi.

Kwa haki niseme hivi. Msumeno mwekundu ulikuwa msumeno mzuri. Kwa mtu mwenye mikono mizima, anayefanya kazi miezi miwili au mitatu, ungemfaa kuliko ule mwingine, na sitaki kuusingizia. Ubaya wake haukuonekana kwa shanga mbili za asubuhi. Ulionekana kwa miaka. Na ushahidi wa miaka haukuwa kwenye karatasi yangu. Ulikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, na ule nilikuwa nimeuficha. Ningeweza kumpelekea meneja karatasi ya zamani na kunyamaza. Mwenzangu asingesema, alikwishasema yake, na si mtu wa kusema mara mbili. Ningepata msumeno wa kijivu na vidole vyangu vingepona, labda, au visingeharibika zaidi. Nilijiambia kwamba hesabu mbaya imeniletea jawabu sahihi, kuna dhambi gani. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi Madimba. Karibu niamini.

Ijumaa lori lilitupeleka wote wawili mjini kabla ya sala. Ofisi ya meneja ilikuwa chumba cha mbao kilichonuka gundi. Nikampa karatasi mbili, ya Jumatano na ya Alhamisi, nikamweleza habari ya njaa. Alisoma taratibu. Akasema kile nilichojua atasema.

"Ndugu, kwa hesabu hii mpya tofauti ni ndogo. Na huu mwekundu unakata zaidi."

"Ndiyo."

"Mbona basi mwishoni umeandika bado unashauri wa kijivu?"

Nikamwonyesha mkono. Nilisema kila kitu, tangu ile baridi ya mwaka wa 1971. Nilisema vibaya, kwa kurudia rudia, na mara mbili nikajikuta nasema kwamba si kitu, ni ganzi tu. Meneja akavua miwani, lakini safari hii hakuifuta.

"Fumba macho," akasema. Nikasikia anachukua kalamu mezani. "Nitagusa kidole kimoja kwa ncha. Uniambie kipi."

Nikangoja. Nikajaribu kusikiliza kwa ngozi. "Cha kati," nikasema.

Kukawa kimya. Nikajua nimekosea, nikasema, "Au cha pete. Cha pete."

Mwenzangu akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikuwa najua kwamba anayo, "Mtani, hajakugusa bado."

Nikafumbua macho. Kalamu ilikuwa hewani.

Mengine yalikwenda haraka. Meneja alisema ataagiza wa kijivu, na kwamba nguvu zake zinatosha, kipande kimoja kwa tangi si hoja ukilinganisha na mkono wa mtu. Alisema nimefanya vema kumwambia. Halafu akasema kwamba mimi sitashika tena msumeno wowote, wa mipira wala wa skrubu, na kwamba tangu Jumatatu nitakuwa kiwandani kugonga chapa kwenye magogo, na msumeno wa kijivu atauendesha mwenzangu. Alisema hivyo kwa upole. Sina cha kumlaumu. Mimi mwenyewe ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vile vile, na nimelitafakari sana nione kama kweli ningesema, au nasema hivi ili nionekane muungwana. Naona ningesema.

Nje, karibu na lori, mwenzangu hakunitukana. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Ningekuwa na akili," akasema, "lile la njaa ningelimeza pamoja na muhogo."

"Ningelijua mwenyewe."

"Usingelijua."

Nikafikiri. "Kweli," nikasema, "nisingelijua."

Akapanda nyuma ya lori kurudi msituni, mimi nikabaki mjini kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Hatukuwahi kufanya kazi pamoja tena. Tulionana magogo yalipoletwa; alikuwa akishuka, anasema nimenenepa kama meneja, nami nasema kitu, na lori linaondoka. Miaka miwili baadaye alihamia Songea. Siku moja kabla hajaondoka nilimwomba anipe mkono niuone. Ulikuwa mzima, mweusi wote, mgumu kama ubao. Nilifurahi. Nadhani nilifurahi. Kulikuwa na kitu kingine pia chini ya furaha ile, na kwa kuwa nimeahidi kusema haki, nakitaja: niliutazama mkono ule jinsi mtu anavyoitazama nyumba aliyoijenga na anaishi mwingine.

Lakini hiyo ni baadaye. Ijumaa ile nilirudi Madimba kwa miguu kipande, na kipande kwa gari la chumvi, nikafika jua linazama. Nilikaa barazani. Nyayo zikaja, sinia likawekwa, nyayo zikarudi, mwiko ukagonga mlango. Adhana ikasikika, au nikaona watu wa jirani wanapeleka vikombe mdomoni, sikumbuki ipi ilitangulia.

Kabla sijala nikasema ukutani, "Mama."

"Labeka."

"Sitakata miti tena. Wamenitoa. Mikono yangu imeharibika. Wamenipa kazi ya kugonga chapa kiwandani." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamalizia lile nililokuwa naliogopa kwa miaka mitatu. "Kama mnaona nirudi kwa ndugu zangu, nitarudi."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa chini. Nikasikia kikohozi chake. Nilidhani amesema kitu na masikio yangu yamekipoteza, nikasogea karibu na ukuta.

"Mkwe," akasema, kwa nguvu zaidi, kama anajua kwamba mara ya kwanza sikusikia. "Futari inapoa."

Nikala. Sijui kama lile lilikuwa jibu. Nimeligeuza mara nyingi na bado sijui, ila sikuondoka, na hakuniuliza tena. Nilipomaliza samaki ndipo nilipogundua kwamba alikuwa amechambuliwa miba yote, mmoja mmoja, na nyama ikarudishwa vizuri kwenye ngozi yake. Nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilikuta mwiba kwenye sinia lile. Sikukumbuka. Si mwezi ule, wala mwaka ule.

Jioni hiyo tulikula uji wa mtama wenye pilipili manga, muhogo wa nazi, na samaki changu wa kuchoma. Yeye upande wake wa ukuta, mimi upande wangu.